Usukani na Birika la Chai

Palikuwa na mama mmoja katika usharika fulani, kazi yake kuwapelekea wagonjwa uji na neno la faraja, mlima kwa mlima, kwa miguu. Kiuno kikamkatalia. Wazee wa usharika wakamhurumia, wakakaa kikao wamnunulie baiskeli ya umeme.

Na chai ya kikao aliitwa nani kuimimina? Mama huyo huyo!

Akasimama na birika lake, akisikia starehe yake ikibishaniwa. Mzee mmoja alitaka usukani ulionyooka, mtu aketi wima kama yuko sebuleni kwake. Mwenyekiti akakataa kata kata: uchukuliwe ule uliopinda chini kama pembe za kondoo dume, maana ukiinama unakata upepo. Kukata upepo, jamani! Kwani wagonjwa wanakimbia? Mwenyekiti akainama awaonyeshe, tumbo likagonga meza, vikombe chali. Mama akainama kupangusa, kiuno kikampiga kisu. Hapo akafungua mdomo aseme neno.

"Mama, ongeza sukari," akasema mwenyekiti.

Zikapita pembe za kondoo. Siku ya kukabidhi, baiskeli ikavishwa kitenge, vigelegele vikapigwa, mwenyekiti akapigwa picha akiwa ameishika yeye.

Wiki haijaisha, akamkuta mama mlimani anaikokota kama ng'ombe aliyegoma, uji umemwagika kikapuni, na kule juu mgonjwa anangoja na njaa yake.

"Mama, huna shukrani wewe. Tumekupa starehe, hutaki kupanda?"

"Baba mwenyekiti, nikiinama vile siinuki tena. Siku ile nilikuwa pale pale, nimeshika birika. Hamkuniuliza neno, mliniagiza sukari tu."

Mnacheka, washarika? Haya, chekeni, lakini mgonjwa amelala njaa! Na mwenyekiti huyo ni sisi. Mjane analia hana choo, sisi tunampelekea kochi. Mzee hana meno, tunambebea mahindi ya kuchoma, akiyaacha tunamwita mwenye kiburi. Tunatoa kwa macho yetu, maumivu anabeba mwenzetu kiunoni. Huo ni upendo gani usiokuwa na masikio?

Tukitoka hapa ibadani, kamati yetu inakaa kugawa misaada. Wale watakaopewa nawaona, wameshaanza kuchemsha maji ya chai ya kikao kule jikoni. Leo birika nashika mimi. Akina mama, njooni mketi kwenye viti vya kikao. Na wewe mwenyekiti wetu, sukari utajiwekea mwenyewe.