Mshipi wa Heshima wa Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaoga kwa sabuni, mto Mkangaga ulikuwa na mlinzi wa waogaji. Jina lake Bi Nguchiro, mwembamba kama mwiko, filimbi shingoni. Kazi yake ilikuwa moja tu: aliyekuja kuoga arudi kwake mzima.

Masika yalipokatika, mto ulikuwa umebadilika. Mafuriko yalichimba shimo pale pale watoto walipozoea kusimama. Bi Nguchiro alilipima kwa mti mrefu, mti ukazama wote. Akachomeka vijiti kando ya shimo, akatangaza kwamba hakuna kuvuka vijiti.

Wote walikubali isipokuwa Mzee Nyati. Alisema ameoga katika mto huo tangu pembe zake zikiwa changa, na hawezi kupangiwa pa kuogea na kiumbe anayeenea kwenye ndoo. Watoto wakacheka. Wawili wakaanza kuvua nguo wamfuate.

Hapo Bi Nguchiro aliogopa kweli. Mwaka uliopita alichelewa kumtoa majini mtoto wa Swala, na mpaka leo akikutana na mama yake njiani, wote wawili hutazama chini. Lakini kumkataza Nyati ni kumpigia mbuzi gitaa, Mbuzi anisamehe.

Basi akaleta kamba ndefu ya katani.

"Mzee wangu, umesema kweli. Mkubwa haogi kama watoto. Huoga na mshipi wake wa heshima, ndio huu."

"Mbona mrefu hivyo?"

"Wa wadogo ndio mfupi. Lakini kama ni mzito kwako, nimwite Kifaru auvae."

"Kifaru ndiye nani? Funga. Na ukaze."

Akaufunga, akakaza. Watoto akawaambia wakae kwanza, maana hawana mishipi. Ncha ya pili akaifunga kwenye mkuyu, polepole, kama anayeanika nguo.

Nyati akaingia kwa maringo, akavuka vijiti. Hatua moja, mbili. Ya tatu, chubwi! Zikabaki pembe, kisha nazo zikapotea.

Pruuu! Bi Nguchiro akapuliza filimbi. Hakujitosa. Yeye na Nyati, nani angembeba mwenzake? Aliwapanga waogaji wote kwenye kamba, akawahesabia, wakavuta kwa pamoja. Nyati akatoka kinyumenyume, akatapika maji ya tope mpaka machozi yakamtoka.

Alipopata pumzi aliutazama mshipi, akaufuata kwa macho hadi kwenye mkuyu.

"Umenidanganya, Bi Nguchiro."

"Nimekudanganya, mzee. Gomba utakavyo. Ninafurahi upo wa kugomba."

Nyati akainuka. Akaenda kuketi kwenye maji ya magotini, katikati ya watoto, na kila mtoto aliyevitazama vijiti, Nyati mwenyewe alimkunjia uso.

Maji hayaulizi nguvu zako, wanangu: msikilize mlinzi kabla hujatia mguu.