Hodi ya Kipwe

Paukwa!

Pakawa.

Sauti gani hizo, mnaumwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wote walipokuwa na adabu, hata wenye sumu, Kipwe na mkewe waliishi kichakani. Kipwe ndege wa rangi: mgongo kijani, tumbo manjano, koo jekundu. Lakini kichaka kizito, hawaonani. Wakapatana: mume akipiga mluzi "Hodi!", mke ajibu "Karibu!" Wajuane wapo.

Hodi! Karibu! Hodi! Karibu! Kutwa nzima. Ungedhani ni ndege mmoja anajikaribisha mwenyewe.

Kobe akapita, akasikia "Karibu!" Akaingia, akakaa.

Ngiri akapita, akasikia "Karibu!" Akaingia, akakaa, pwaa, juu ya kiota. Mayai yalikuwa mawili. Likabaki moja.

Bi Kipwe akalia. Kipwe roho ikamuuma, lakini mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi.

"Tunyamaze, bwana," mkewe akasema.

"Nikinyamaza nitajuaje kama upo?"

"Nipo hapa. Unanikanyaga."

Wapi! Mazoea yana taabu. "Hodi!" ikamtoka mume. "Karibu!" ikamtoka mke.

Srrr, srrr, srrr. Nyoka huyo, anapenda mayai. Ila hakutaka kuingia kwa hodi ya mwingine, akapiga yake.

"Hodiii."

"Ka—" Bi Kipwe akaanza. Mumewe akamziba mdomo kwa bawa. Yai liko chini ya tumbo lake yeye Kipwe. Akatafuta neno, akapata moja tu.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi Nyoka."

"Wenyewe hatupo."

Nyoka akafikiri. "Mtarudi lini?"

"Hatujui. Hatukuaga."

"Basi mkirudi, mjiambie Nyoka alipita."

Srrr, akaenda zake.

Ngiri akakuna kichwa. "Kama wenyewe hampo, mimi nimekaa kwa nani?" Akaona haya, akatoka. Kobe naye nyuma, polepole, akiomba radhi kila hatua.

Kichaka kikanyamaza. Mara Kipwe akasikia chini ya tumbo: ko, ko, ko.

Akashtuka. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Yai likapata ufa. "Sijui bado."

"Karibu," wakasema baba na mama pamoja.

Ndiyo maana hata leo kipwe akipiga mluzi, mwenzake humjibu papo hapo. Anauliza nani.

Basi wanangu, na nyie wazazi mnaojifanya mmelala: karibu ni neno zuri, lakini nani hutangulia. Hadithi yangu imeishia hapo, na mlango nimeurudishia.