Punje Tisa Juu ya Barua

Kaeni, ndugu zangu. Leo sikuja kuchekesha. Nimetazama kule kwa wanakwaya nimeona kiti kimoja hakina mtu, na ninyi nyote mnajua ni kiti cha nani na kwa nini hayupo. Nitarudi kwenye kiti hicho. Kwanza sikilizeni habari ya msomaji mmoja.

Alikuwa mtu wa mji mdogo, kule wanakolima pamba, na alijaliwa sauti. Akisoma Neno mbele ya watu, hata watoto wachanga walinyamaza. Hakukwama, hakurudia, hakumeza mate katikati ya mstari. Watu walisema anasoma kama maji yanavyoteremka, naye alikubali kwamba yeye ni maji. Mtaani kwake karatasi yoyote iliyoingia ilipelekwa kwake: barua ya shule, tangazo la ushirika, hati ya mahakama. Alisimama uani, watu wakamzunguka, akasoma mara moja, kwa sauti, akakunja karatasi, akamrudishia mwenyewe. Mtaa ule ulikuwa na desturi yake: hakuna aliyemwomba arudie. Kumwambia msomaji rudia ilikuwa sawa na kumwambia hujui. Basi watu waliondoka wakiitikia kwa vichwa, na nusu yao hawakuwa wameelewa kitu. Mnatabasamu. Mnawajua watu hao?

Msomaji huyu alikuwa na mke na mtoto wa miaka miwili. Na alikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa anakohoa. Asubuhi alikwenda nyuma ya choo, akakohoa huko mpaka macho yakatoka machozi, kisha akatafuna tangawizi na kurudi akiimba. Mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, kwa sababu suruali ilianza kuteremka. Aliogopa. Mjomba wake alikufa kwa kukohoa hivyohivyo. Lakini hofu yake aliificha, na hofu iliyofichwa, ndugu zangu, huzunguka nyumba nzima ikitafuta mtu wa kubebeshwa.

Mke naye akashikwa na kikohozi, homa ikapanda, akaenda hospitali ya wilaya. Alikaa huko siku nne. Akarudi mchana, mtoto mgongoni, na bahasha mkononi. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uani, maana walijua karatasi imekuja, na karatasi ikija husomwa.

Mke akampa mumewe bahasha kwa mikono miwili. Akamwambia kwamba muuguzi amesema yeye yuko salama, na kwamba barua hii ni vizuri waisome wawili, ndani, taratibu, hadi mwisho.

Mume akacheka kidogo, akitazama watu. "Muuguzi amesema, au karatasi imesema? Mimi nasoma karatasi."

Akaifungua. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, kile chenye sentensi ndefu zinazopinda kama njia ya mlimani. Akaanza kwa sauti yake ileile nzuri: "Kufuatia uchunguzi wa makohozi ya mama aliyetajwa hapo juu, uliolenga kubaini uwepo wa vimelea vya kifua kikuu..."

Hapo akasimama.

Sentensi haikuwa imefika mwisho. Palikuwa na mkato tu, na maneno mengine yakifuata, na aya nzima chini yake. Lakini yeye alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta. Ugonjwa ulikuwa na jina, na jina la mke wake lilikuwa juu ya karatasi, na ghafla ile hofu yake ya nyuma ya choo ikapata mwenyewe. Alihisi wepesi. Ndiyo, wepesi. Akageukia watu, akasema kumbe ndilo lililoletwa nyumbani kwake, kumbe kikohozi chote kilitoka kwa huyu.

Mke akasema, "Baba, soma hadi mwisho."

"Nimesoma."

"Hujamaliza sentensi."

Akamwambia mbele ya watu kwamba mwanamke aliyeishia darasa la nne hawezi kumfundisha yeye mahali pa kusimama. Watu wakacheka. Na saa ileile, jua likiwa juu ya vichwa vyao, vyombo vya mke vikatolewa nje: sufuria tatu, godoro la mtoto, kanga zilizofungwa kwenye shuka. Jirani mmoja alijifunika pua kwa kitenge alipompita. Jirani mwingine, aliyekula ugali katika sufuria zile mwaka mzima, alizisogeza kwa mguu.

Ngojeni. Kabla hatujaenda mbele, niambieni: hata kama karatasi ingesema hivyo, hata kama angekuwa mgonjwa kweli, tangu lini mgonjwa anatolewa nje na godoro la mtoto wake? Hilo mlisoma wapi? Ukurasa gani?

Mke akaenda kwa baba yake, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Njiani na huko alikofika alieleza yaliyomo kwenye barua kama muuguzi alivyomwambia. Wengi walimsikiliza kwa huruma na hawakumwamini, kwa sababu mumewe ndiye anayesoma. Barua yenyewe ilibaki kwa mume, imekunjwa, imewekwa juu ya kabati.

Zikapita wiki. Tundu la pili likatobolewa kwenye mkanda. Halafu wazee wa mke wakaita kikao, kama ilivyo ada, ili mume aeleze mbele ya pande zote mbili kwa nini amemrudisha binti yao. Wakamwagiza jambo moja: aje na ile barua.

Akaja Jumamosi na baba yake, mashati yamenyooshwa. Alikuwa amejiandaa kusoma. Lakini kwenye kikao kile alikuwepo shangazi wa mke, mwanamke mfupi muuza dagaa, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Huyu shangazi alijifunza kusoma akiwa na watoto watano, katika darasa la watu wazima lililofanyika kwenye ghala la pamba. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, na kitabu kilikuwa kimoja. Ndiyo maana walikisoma kwa namna yao, na namna ile hakuiacha mpaka uzee.

Mume akasimama, akakohoa kidogo, akaanza. Shangazi akamwomba aketi. Akaomba stuli iletwe katikati, barua ilazwe juu yake, na mtu amletee mahindi kiganja kimoja. Akaeleza kwamba barua itasomwa mara tatu. Mara ya kwanza ni kuipita yote, kutoka juu hadi chini, bila kusimama na bila mtu kusema neno, ili kila mmoja ajue urefu wake na inakoelekea. Mara ya pili ni kwa vidole: kila neno ambalo msomaji hawezi kulieleza kwa maneno yake, aweke punje juu yake. Ya tatu ataisema wakifika.

Mume akaona aibu, akaigeuza mzaha. "Shangazi, mimi si mtoto wa darasa la kwanza."

"Ndiyo maana nakuomba, mkwe wangu. Mtoto wa darasa la kwanza angerudia bila kuombwa."

Wazee wakaangua kicheko, hata baba yake mzazi. Hakuwa na pa kukimbilia. Akasoma.

Mara ya kwanza alipita pale aliposimama siku ile, na kwa mara ya kwanza akasikia sauti yake mwenyewe ikiendelea: "...vimelea hivyo havikuonekana, na mama amepatiwa tiba ya nimonia." Akaendelea kwa kuwa alikuwa ameagizwa asisimame. Aya ya chini aliipita kama mtu anayevuka kaa la moto, akaketi.

Alikuwa ameshaona kwamba amekosea juu ya mke. Alitamani kikao kiishie hapo. Angesema samahani, angepiga magoti kama ikibidi, angerudi naye nyumbani. Wazee wenyewe walikuwa wameanza kunong'ona kuhusu faini. Shangazi akagonga stuli kwa kidole.

"Bado mbili," akasema.

Mara ya pili akaanza kuweka punje. Alitaka kuweka mbili tu, ili asiaibike, lakini kila alipopita neno bila kuweka, shangazi alimwomba alieleze, na hakuweza. Kufuatia. Kubaini. Vimelea. Alikuwa ametamka maneno hayo maisha yake yote, kwa sauti ya kupendeza, na hakuwahi kuuliza yana nini ndani. Alipofika mwisho, punje zilikuwa tisa. Mtu aliyesoma kama maji, na karatasi moja ikamwotea mahindi.

Wakaanza kuziondoa moja moja. Baba yake, aliyewahi kuwa polisi, alijua kubaini. Vimelea hakuna mzee aliyeweza kulieleza. Sauti ikatoka mlangoni, ni ya mke, amesimama na mtoto kiunoni. Akasema ni vidudu vya ugonjwa, muuguzi alimweleza, na hata mtoto alishampeleka kupimwa wiki ileile aliyofukuzwa. Akasema hayo bila kumtazama mume, naye mume akaondoa punje. Mwanamke wa darasa la nne.

Ikabaki punje moja, katika aya ya chini, juu ya neno mlengwa.

Shangazi akasema sasa ni mara ya tatu, na mara ya tatu tunauliza kila sentensi swali moja tu. Akamsogezea barua. Mume akasoma, safari hii polepole, kama anayekanyaga gizani: "Hata hivyo, kutokana na maelezo ya mama kuhusu mwenza wake, anayekohoa kwa zaidi ya wiki sita na kupungua uzito, mwenza huyo, ambaye ndiye mlengwa wa barua hii, afike kwa uchunguzi ndani ya siku saba."

"Inasema na nani, mkwe?"

Akaivuta barua karibu na macho.

"Nakuuliza tena. Inasema na nani?"

Akataka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Akakohoa pale katikati ya wazee, hakuwa na choo cha kujificha nyuma yake, akakohoa mpaka punje ya mwisho ikadondoka chini. Alipopata pumzi akasema, "Inasema na mimi."

Baba yake akaichukua barua, akatazama tarehe, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Siku saba zilikuwa zimepita zamani. Ile ilikuwa siku ya hamsini na mbili.

Mnaona? Barua haikuandikwa kwa ajili ya mke. Ilibeba jina lake, lakini ilikuwa inamwita mume. Waliiandika ili wamwokoe. Akaichukua kamba waliyomtupia, akamchapa nayo aliyeileta.

Mnataka niseme alipona, mke akarudi, wakacheza ngoma. Alitibiwa, ndiyo, miezi sita ya vidonge, na hakufa. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshapanda kooni, na ile sauti haikurudi. Na siku ile ya kikao, alipomsogelea mke ili amwombe warudi, mke alimjibu mbele ya wote: "Barua umeisoma mara tatu kwa sababu umelazimishwa. Mimi umenisoma mara moja, tena nusu. Nenda ukatibiwe. Ukipona, njoo uanze upya, na mimi sitakusaidia kutamka."

Sasa tuje kwetu.

Msimhurumie msomaji yule, na msimcheke. Sisi ndio yule. Na kama si yule, basi ni wale waliojaa uani, waliosikia sentensi haijaisha na wakanyamaza kwa sababu sauti ilikuwa nzuri. Tunasoma Neno mara moja, mbiombio, mpaka tunapokutana na mstari wenye dhambi ya jirani, tunasimama hapo, tunafunga. Tumeelewa. Tuna jina la ugonjwa na tuna mtu wa kumbebesha. Aya ya chini haituhusu. Maneno tusiyoyajua tunayapita kwa sauti ya kuimba, na hakuna anayemwambia mwenzake weka punje hapo. Tunaona aibu kusema hatukuelewa, lakini hatuoni aibu kumtoa mtu nje kwa kitu tusichokielewa.

Jumapili iliyopita tulisoma somo gumu. Lilisomwa mara moja. Jumanne, kwa mstari mmoja wa somo hilo, mama mmoja aliambiwa asikae tena kwenye kile kiti. Nimewauliza waliomtoa mstari ule unaendeleaje. Watatu hawakujua kwamba unaendelea. Na mimi niliyesimama hapa nililisoma vizuri, mkaniambia nimesoma vizuri, nikafurahi, nikaenda kula. Kwa hiyo hasira yangu inaanzia hapa nilipo mimi.

Hatutatoa sadaka sasa. Hatutaimba. Somo la Jumapili iliyopita, palepale, lifungueni. Tutalipita lote mara ya kwanza, na mtu asimtazame mwenzake. Tutalirudia mara ya pili kwa vidole, na usipojua neno, inua mkono, hata kama wewe ni mzee wa kanisa. Wazee wa kanisa muinue kwanza. Na mara ya tatu nitashuka hapa madhabahuni, nitapita benchi kwa benchi, nitasimama mbele ya kila mmoja na kumuuliza swali moja.

Atakayenijibu kwa jina la jirani yake, tutaanza tena kutoka juu.