Mtoto Aliyezaliwa Juu ya Magunia ya Karafuu

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za majini na wafalme. Ni zamani hizi za karibu, serikali ilipokwisha kuleta meli za doria, na watu wa magendo walipokwisha kununua injini mbili mbili. Kaeni vizuri. Leo sina fundisho la kuwapa. Nina mzigo, na nataka tuubebe pamoja.

Palikuwa na kisiwa kidogo kikiitwa Tumbawe, na watu wake walikuwa na ada moja. Mtoto akizaliwa nchi kavu, hupewa jina na upande wa baba. Akizaliwa baharini katika shida, hupewa jina la aliyemwokoa, na jina hilo sharti litajwe kabla mtoto hajashushwa pwani. Mwenye jina huwa somo wake. Na somo kwao si mtu wa kumpa mkono wa Idi mkaagana. Somo akiugua, nyumba ile humuuguza. Akifungwa, nyumba ile humpelekea chakula. Akifa, mtoto yule hutangulia kushika jeneza.

Basi palikuwa na mwanamke akiitwa Zuwena, mimba yake ya kwanza, mumewe yuko mbali kikazi. Asubuhi moja uchungu ukamshika. Mkunga akampapasa, akasema, "Huyu katanguliza miguu. Mpelekeni hospitali ng'ambo." Mamamkwe wake, Bi Mize, alizoea kupiga kafi kila siku akienda kwenye mwani wake. Akamlaza mkwewe ndani ya kihori, mtumbwi wake mdogo, wakaanza kuvuka.

Asubuhi hiyo hiyo meli ya doria ilikuwa ikimfukuza Shaame. Shaame alikuwa mtu wa magendo, kapakia magunia ya karafuu ambazo sheria ilikataza kuuzwa nje. Kapteni wa meli aliitwa Magesa, na kwenye usukani alisimama baharia mwanamke, jina lake Riziki. Shaame akaona mzinga wa meli umemwelekea. Akaona na kihori. Akapiga hesabu yake, akapita ubavuni mwa kihori, maana alijua askari hawatapiga penye wanawake. Na kweli hawakupiga.

Riziki akasema, "Afande, kuna kihori mbele. Nipunguze mwendo?"

Kapteni akasema, "Ukipunguza tumempoteza. Shika njia hiyo hiyo."

Riziki akashika njia hiyo hiyo.

Meli ikapita, na nyuma yake likaja wimbi lake. Kihori kikapinduka, na hakuna askari aliyeona. Anayefukuza hutazama mbele, anayefukuzwa hutazama nyuma. Bahari yote ile, aliyeona kihori kikipinduka alikuwa Shaame peke yake, naye mbele yake njia ilikuwa nyeupe.

Haya, nyinyi mngefanyaje? Msijibu haraka. Kila mtu ni mwema akiwa ameketi mkekani.

Shaame akageuza boti. Akaja moja kwa moja kwenye meli ya doria, kasi ile ile, anapunga shati, anapiga kelele ambazo injini zilizimeza zote. Melini wakasema, "Anakuja kutugonga." Amri yao ilikuwa wazi: boti ikikujia namna ile, piga.

Askari wa mzinga akauliza, "Afande, nipige?"

Kapteni alikuwa na roho za vijana wake mkononi. Akamtazama Shaame kwa darubini. "Usipige."

"Afande, anafika."

"Nimesema usipige. Mtu anayekuja kuua hapungi shati."

Shaame akapita ubavuni mwa meli, mkono umenyooka kule nyuma. Kapteni akageuka, na hapo ndipo alipokiona kihori, tumbo juu.

Meli ikageuzwa. Bi Mize alikuwa kashika kihori kwa mkono mmoja na mkwewe kwa mkono wa pili, na mkono huo wa pili ukachoka. Zuwena akazama. Riziki akamwachia kapteni usukani, akaruka na viatu vyake. Akazama, akaibuka mikono mitupu. Akazama tena, akaibuka na Zuwena. Shaame naye akampandisha Bi Mize botini mwake, akazima injini, akanyoosha mikono atiwe pingu. Wote wawili wakahamishiwa melini.

Meli ikakimbilia hospitali, boti ya Shaame ikikokotwa nyuma. Lakini mtoto hakungoja hospitali. Sitaha ni chuma kitupu, kwa hiyo wakapandisha yale magunia ya karafuu, wakamlaza mzazi juu yake. Miguu ikaja kwanza, kama mkunga alivyosema. Bi Mize akampokea. Mtoto wa kiume, kimya, rangi imemgeuka. Riziki akampulizia pumzi kinywani. Hakulia. Akampulizia tena, na tena, mpaka akalia. Mabaharia wakalia naye, wanaume wazima.

Gati likaonekana. Gari la polisi lilikuwa limeshasimama pale.

Bi Mize akamwambia Zuwena, "Mwanangu, jina. Hatushuki bila jina."

"La nani, mama?"

"La aliyemwokoa."

Shaame akasema kwanza, pingu mikononi. "Mpe langu. Mimi ndiye niliyeona, na mimi ndiye niliyerudi. Ningekwenda zangu, mngeokotwa maiti. Ndugu zangu wamenikana, na huko niendako hakuna atakayekuja kunijulia hali. Simwombi kapteni aniachie. Naomba jina tu."

Bi Mize akamuuliza, "Na pale mwanzo ulipita karibu yetu kwa nini?"

Shaame akainamisha kichwa. "Nilikufanyeni ngao. Sikatai."

Riziki akasema, bado anachuruzika maji. "Jicho lake liliona, mama, lakini jicho halimtoi mtu majini. Aliyemtoa Zuwena ni mimi, na pumzi ya kwanza ya mtoto huyu ilikuwa yangu. Jina langu huitwa mwanamume na mwanamke. Mpe."

Bi Mize akamuuliza, "Na usukani alikuwa kaushika nani?"

"Mimi. Nilikiona kihori. Nikaamriwa, nikatii."

Kapteni Magesa alisema mwisho. Akavua kofia. "Mama, wimbi lile lilikuwa langu. Niliambiwa kuna kihori nikasema twende. Hilo najua. Lakini baadaye ningesema neno moja tu, 'piga,' Shaame angekufa, na nyinyi mngekufa bila mtu kujua. Vijana wangu wote niliwaweka rehani kwa ajili ya shati linalopungwa, na wakubwa wangu wataniuliza. Hawa wawili wanalitaka jina kwa wema wao. Mimi nalitaka kwa kosa langu. Shaame atafungwa, atamaliza, atatoka. Mimi kwa kihori chenu hakuna atakayenifunga. Basi nifungeni nyinyi. Nipeni mtoto ambaye nitawajibika kwake mpaka nife."

Bi Mize akamgeukia mkwewe.

Zuwena akamtazama mwanawe, ananukia karafuu mwili mzima. Akasema, "Mama, hawa wote wamenizamisha, na hawa hawa wameniopoa. Nichague vipi?"

"Ndio ukubwa huo, mwanangu. Lakini jina ni moja."

Kamba zikatupwa, meli ikafungwa. Polisi akapanda, akamshika Shaame mkono. Riziki akasimama kando, anauma mdomo. Kapteni hakuvaa tena kofia yake. Zuwena akainuka na mtoto, kaegemea bega la Bi Mize, akafika penye ubao wa kushukia, akafungua kinywa.

Jina alilotaja nalijua, wala msinibembeleze. Nikilitaja mtarudi nyumbani mkalale, na mzigo mtaniachia mimi. Baba wa mtoto hakuwapo, nyinyi mpo. Ubao ule pale, na mtoto hawezi kushushwa bila jina. Mmoja apate nyumba ya kumlilia, wawili washuke hivi hivi. Mtajeni basi, lakini mkimtaja, muwatazame usoni wale wawili mliowanyima.

Je, nani alistahili?