Fisi Walimwombea Mbogo Maisha Marefu

Zamani sana, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba zao, mafiga yao na wakwe zao kama sisi, palikuwa na mji chini ya kilima cha mawe mekundu. Mtawala wake alikuwa Mbogo. Nguvu alikuwa nazo, hilo hakuna aliyelibisha.

Mwaka mmoja fisi walikuja wakaliteka bwawa. Mji mzima ulikuwa ukichota maji hapo. Sasa ikabidi wanyama wakinge matone yaliyovuja mwambani, na mtungi mmoja ulijaa kwa siku mbili.

Mbogo akatangaza vita, na alivipigana hivi. Kila siku ya gulio, jua likiwa utosini, msemaji wake Ngiri alipuliza baragumu, puuu, puuu, puuu. Jeshi lilijipanga, likapita mitaani likipigiwa vigelegele, kisha likateremka bwawani kwa njia moja tu, mwanya kati ya miamba miwili, kwa sababu baba yake Mbogo alikuwa akipita hapo. Fisi waliposikia puuu ya kwanza, walipanda juu ya miamba. Jeshi lilipoingia mwanyani, mawe yalishuka, gudu gudu gudu.

Mara ya pili, mume wa Nguchiro alirudi bila mguu mmoja. Nguchiro alimfunga kidonda, akawapikia wanawe wanne, kisha akaenda barazani kwa Mbogo. Alisema kwa adabu kwamba baragumu linawaamsha fisi, na kwamba kuna njia nyingine nyuma ya bwawa, kwenye matete.

Ngiri alimjibu kabla Mbogo hajafungua kinywa. Alisema fisi wana masikio makali. Wakisikia kuna wanaoviponda vita humu mjini wanapata moyo, na wakipata moyo wanashinda. Mbogo aliona maneno hayo yana akili, hasa kwa kuwa hayakumgusa yeye. Ikapigwa marufuku kusema lolote baya juu ya vita. Swala mfinyanzi, aliyesema sokoni kwamba amezika ndugu wawili na angependa kujua kwa nini, alibomolewa nyumba, akafukuzwa na vyungu vyake mgongoni.

Gulio lililofuata mji ulikuwa kimya. Hakuna aliyelalamika, hata kwa mkewe. Jeshi likaenda, puuu, puuu, puuu, likaingia mwanyani, na kumi na mmoja hawakurudi.

Ngiri alifikiri, akasema bila shaka kuna anayelalamika moyoni.

Nguchiro aliposikia hivyo alijua atakayetafutwa ni yeye. Hakungoja. Alikwenda mwenyewe, akapiga magoti mbele ya Mbogo.

"Bwana mkubwa, nimekuja kukiri," alisema. "Fisi wananisifu. Kila adhuhuri wanakaa bwawani wakiyataja maneno yangu. Nimewasikia nilipokwenda kuiba maji."

"Nilijua," akasema Mbogo.

"Basi njoo uwasikie kwa masikio yako. Ukirudi, unifukuze mimi, mume wangu na wanangu mbele ya mji wote, na hakuna atakayesema umenionea."

Ngiri alisema safari hiyo ni ya hatari. Mbogo akamwambia abaki aulinde mji, na Ngiri hakubisha.

Asubuhi Nguchiro alimpitisha Mbogo kwenye matete. Mbogo aliona njia nzima haina mlinzi hata mmoja. Walipofika ukingoni mwa bwawa, Nguchiro alimwambia alale, akampaka tope na kumfunika majani mpaka akawa kama kichuguu. Tope la pale lilinuka kuliko mbogo yeyote. Mwenyewe akajibanza nyuma ya sikio lake.

Adhuhuri fisi wakaja. Walikunywa, wakajinyoosha. Fisi mmoja kijana akauliza kama kweli kuna mwanamke mjini anayesema vita vinaendeshwa vibaya.

"Yupo, na ana akili kuliko wote mle," alijibu mkubwa wao, fisi mzee wa sikio moja.

"Basi wanagombana. Hiyo si heri kwetu?"

"Hata mimi nilifurahi niliposikia wanagombana. Kisha nikauliza wanagombania nini. Nikaambiwa baragumu na mwanya. Siku ile sikula. Wakimsikiliza mwanamke yule siku moja tu, sisi tumekwisha."

Yule kijana akauliza sasa wafanye nini.

"Tumwombee Mbogo maisha marefu," akasema mzee. "Na Ngiri wake pia."

Fisi wote wakainua mikono. Waliomba kwa dhati, mmoja hata alitokwa na machozi, wakaitikia amina.

Kichuguu kikaanza kutikisika. Mbogo alitaka kuinuka, Nguchiro akamng'ata sikio, kwa! "Tulia," alinong'ona. "Wako arobaini."

Mbogo akatulia. Sikio halikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba mjini kwake hakuna aliyewahi kumwombea kwa upendo namna ile.

Fisi walipolala, wawili hao wakaondoka. Nguchiro alikuwa na hofu, maana sasa alikuwa shahidi wa aibu ya mkubwa. Karibu na nyumba za kwanza Mbogo akasimama.

"Uliniambia wanakusifu wewe."

"Kwani hawakunisifu?"

"Ungeniambia yote, nisingekuja," akasema Mbogo, kisha akaenda zake nyumbani.

Alijifungia siku mbili. Siku ya tatu, ambayo haikuwa ya gulio, alilitoa jeshi kimyakimya kupitia kwenye matete. Fisi walikutwa usingizini, matumbo juu. Wengine walikimbia bila kujua wanakimbia nini. Kabla jua halijazama, bwawa lilikuwa limerudi, na jeshi lote lilirudi kwa miguu yake.

Mbogo akasimama mbele ya mji, akasema mpango ule ameufikiria mwenyewe kwa muda mrefu. Ngiri alipiga makofi kuliko wote. Marufuku ikaondolewa, Swala akaitwa arudi, ingawa nyumba aliijenga upya kwa mikono yake.

Wakati hotuba ikiendelea, Nguchiro alikuwa bwawani na mumewe. Mume alimwuliza kama hakuchukia kuibiwa wazo lake. Nguchiro akasema atachukia kesho, leo ana nguo za wiki tano za kufua.

Hapo ndipo ninapoiweka chini hadithi yangu, wanangu, nanyi ondokeni na hili: adui hutiwa moyo na kosa linalorudiwa, si na mdomo unaolitaja.