Wimbo wa Kituo cha Mkata

Kufuli jipya halimtoi aliyemo ndani. Ndivyo mama wa watoto wa Mgaya alivyomwambia jirani asubuhi ile, jirani aliyekuja kueleza kwamba amekwisha patana na dada yake, kisha akakaa saa nzima akimsema dada huyohuyo. Watoto hawakuelewa, maana katika habari ile hapakuwa na kufuli wala mlango. Wakaenda kumuuliza Bibi Mwanaidi, aliyekuwa kibarazani akipepeta mchele.

"Msidhani ni methali ya enzi za mababu," Bibi akasema bila kuweka ungo chini. "Ni changa kuliko nyinyi, na imezaliwa hapahapa Kilosa, nyumba ya tatu kutoka hii. Kaeni, ila asinikatize mtu." Akawasimulia chanzo chake.

Alikuwapo mjane mmoja, Bi Semeni, mke wa marehemu Kibwana aliyekuwa gadi wa treni kwa miaka thelathini. Kibwana alipostaafu alinunua kishikwambi, akajiunga na huduma ya muziki wa mtandaoni, ile ambayo mtu hulipia kwa mwezi akasikiliza nyimbo azitakazo. Humo akapanga orodha ya nyimbo arobaini na moja, za dansi na taarabu. Hakuzipanga ovyo. Kila wimbo ulikuwa kituo cha reli, kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma: Ruvu na wimbo wake, Ngerengere na wake, Kilosa na ule uliopigwa siku ya harusi yao. Majina ya vituo hakuyaandika popote, aliyajua yeye na mkewe tu. Alipofariki, Bi Semeni akawa kila siku baada ya sala ya alasiri anaketi, anafungulia orodha ile, na anasafiri. Ole wake ambaye angemwambia kwamba huo ni muziki tu.

Jumanne moja treni ilikuwa imetoka Morogoro salama, na Bi Semeni akaweka mguu sawa kusubiri Mkata. Badala yake likaingia zogo la spika, mtu akifoka kwa lugha asiyoijua. Zogo lilipokwisha ukaja wimbo wa Kimamba. Mkata haikuwapo. Alizima, akawasha, akaanza upya tangu Dar es Salaam, na Mkata ikarukwa vilevile. Siku hiyo hakufika Kigoma. Alizunguka uani, akafagia palipokwisha fagiwa, akarudi kukitazama kishikwambi kana kwamba kitajieleza chenyewe.

Katika nyumba ile walikuwa wawili tu. Mwanawe Hamisi alikuwa mgodini Kahama, na mkewe, Tausi, ndiye aliyebaki na mama. Jioni Tausi hukichukua kishikwambi akatazama mapishi. Basi Bi Semeni hakutafuta mbali.

"Tausi, umegusa nyimbo za baba yako?"

"Hapana, mama. Sijazigusa hata siku moja."

"Haya," Bi Semeni akasema. "Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea."

Tausi aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua mchicha. Bi Semeni akakitia kishikwambi kabatini, akafunga, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake. Siku tatu hakusafiri hata mwendo wa kituo kimoja. Usingizi ulimpaa, chai ilimpoea mkononi, na kila Tausi alipopita karibu na kabati, yeye alikohoa.

Ijumaa akafungua. Ngerengere ilikuwa imeondoka. Itigi na Uvinza, zimeondoka. Palipokuwa na nyimbo arobaini na moja zilibaki thelathini na nne, pamoja na takataka za mtu asiyemjua. Na ufunguo haukuwa umetoka kwenye kanga yake, hata alipooga.

Hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya kweli. Alimwita Tausi, na Tausi akaja akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyekwisha kung'atwa. Alitazama kioo kwa muda, kisha akasema, "Mama, hebu ona hapa chini. Pameandikwa kwamba wimbo unachezwa sasa hivi kwenye kifaa kingine."

"Kifaa kipi? Kishikwambi si hiki hapa?"

"Ndiyo, mama. Kuna mtu mwingine ndani ya akaunti yetu."

Tausi akashauri wabadili neno la siri. Lile la zamani lilikuwa jina la Kilosa na mwaka wa harusi, ambalo hata mbuzi wa mtaa ule angelikisia. Wakaweka jipya. Kabla ya kumaliza, kioo kiliuliza: je, vifaa vyote vingine vitolewe? Chini ya swali palikuwa na majina ya vifaa, na la kwanza kabisa lilisomeka, Simu ya Kibwana.

Simu ile ilikuwa kwenye droo, imekufa chaji tangu wiki ya msiba. Bi Semeni aliliona jina, akaushika mkono wa Tausi.

"Acha. Usimtoe mtu."

"Lakini mama, huenda huyo mwizi..."

"Nimesema usimtoe mtu, mwanangu. Tumebadili neno la siri, inatosha."

Tangu siku hiyo akawa anamwita mwanangu, mwanangu, asubuhi na jioni, hata mbele za wageni. Majirani wakasema nyumba imetulia. Lakini mwenyewe hakutulia. Kila baada ya muda mfupi alifungua kishikwambi kuhesabu vituo, na kila alipohesabu vilikuwa vimepungua. Neno la siri jipya, wezi walewale. Na moyoni akawa anajiuliza: neno lile tunalijua wawili, mimi na nani? Akampakulia Tausi nyama nzuri huku akimtazama mikono.

Jumatatu zilibaki nyimbo kumi na tisa. Bi Semeni alikiweka kishikwambi kwenye kikapu, akamwambia Tausi avae viatu, wakaenda kwa Dafrosa, mwanamke mwenye duka la kutengeneza simu karibu na stesheni. Dafrosa aliwasikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Mlibadili neno la siri. Je, waliokuwamo ndani mliwatoa?"

"Si tumewafungia?" Bi Semeni akajibu.

"Mmewafungia ndani, mama yangu. Neno la siri huulizwa mtu anapoingia. Aliyekwisha ingia haulizwi kitu, anakaa hadi mwenye nyumba amtoe." Akafungua orodha ya vifaa, akaisoma yote. Simu ya Kibwana. Kishikwambi. Kisha, mwisho kabisa, kompyuta moja, Dumila.

Dumila. Bi Semeni akaiegemea meza ya duka. Mwezi wa nane walimtoa mwali, binti wa ndugu yao, na mpiga muziki wa kukodi aliletwa kutoka Dumila na kompyuta na maspika yake. Mchana nyimbo zake zilikwisha ladha, wazee wakataka dansi la zamani. Nani aliyesimama katikati ya wanawake akamwambia, "Mwanangu, ingia kwenye nyimbo za mume wangu, neno la siri ni hili"? Mgeni hanyimwi. Sherehe ikanoga, mwali akatunzwa, na mpiga muziki akaondoka na kompyuta yake ikiwa bado imo ndani. Toka hapo ilikwenda sherehe hadi sherehe, na kila aliyetaka nafasi ya wimbo wake alifuta wa Kibwana.

Bi Semeni hakuweza kumtazama Tausi.

"Nitoe vyote?" Dafrosa akauliza.

"Na simu ya marehemu?"

"Vinatoka vyote pamoja, mama. Baadaye unayemtaka unamwingiza tena."

Treni ya mizigo ilipita, naye Bi Semeni akaisindikiza kwa macho hadi behewa la mwisho. Kisha yeye mwenyewe akaweka kidole kwenye kioo, akabonyeza. Majina yakaisha yote. Ndipo Dafrosa akaweka neno la siri jingine, na akaiunganisha akaunti na namba ya simu ya Bi Semeni, ili yeyote atakayetaka kuingia aombe ruhusa kwake kwanza.

Alasiri hiyo wakakaa mkekani kurudisha nyimbo. Bi Semeni alitaja kituo, akaeleza wimbo, Tausi akautafuta na kuupachika mahali pake. Itigi ikarudi. Uvinza ikarudi. Walipomaliza kurudisha nyingine zote ilibaki Mkata, na hapo Bi Semeni akakwama. Sauti aliijua, lakini kila alipotaka kuishika ilimponyoka, kwa kuwa kichwa chake kilijaa lile zogo la Jumanne. Machozi yakamtoka.

Tausi akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Ulikuwa wimbo wa mwanamke aliyesahau kanga yake kwenye behewa, akaomba treni imrudie. Aliuimba ubeti wa kwanza na wa pili bila kukosea.

"Umeujulia wapi?" Bi Semeni akauliza.

"Jikoni, mama. Miaka minne napika alasiri, nawe unasafiri. Mkata ndipo ninapotia chumvi."

Bi Semeni akafungua pindo la kanga, akautoa ufunguo wa kabati, akauweka kiganjani mwa Tausi. "Nimekuita mwanangu siku zote hizi," akasema, "lakini lile neno baya nililokudhania lilikuwa bado limekaa humu kifuani. Nilibadili kufuli tu, aliyemo sikumtoa. Nisamehe."

"Na sasa, mama?"

"Sasa ametoka."

Tausi akaupachika wimbo wa Mkata kati ya Morogoro na Kimamba, akasogea karibu, na siku hiyo walisafiri wawili hadi Kigoma.

Bibi Mwanaidi akapuliza makapi ya mwisho. Watoto wakawa wanamfikiria yule jirani wa asubuhi na dada yake. Mkubwa wao ndiye aliyesema, polepole, kama anayeonja chakula: "Kufuli jipya halimtoi aliyemo ndani."