Droo ya Makufuli Matatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu bali ile ya juzijuzi ambayo wahusika wake bado wanasalimiana shingo upande, palikuwa na kamati ya chama katika wilaya ya Mkongoroni. Chama gani, msiniulize. Nikikitaja, nusu yenu mtanuna na nusu mtapiga makofi, na hadithi itafia hapo.

Kamati ilikuwa na muhuri mmoja. Barua isiyo na muhuri, kwao, ilikuwa karatasi ya kufungia maandazi. Basi siku moja ikaonekana barua yenye muhuri, imemvua mtu uanachama, na hakuna aliyekubali kwamba ameigonga. Wajumbe wakaanza kushukiana.

Akasimama Nambua, mwalimu mstaafu. Akasema, "Ndugu wajumbe, kama hatuaminiani, basi tusiaminiane kwa utaratibu. Muhuri ukae kwenye droo ya chuma yenye makufuli matatu. Funguo washike watu watatu."

Walipiga makofi mpaka meza ikatikisika. Wakaandika kwenye muhtasari: atakayempa mtu ufunguo wake, hana chama. Atakayevunja droo, hana chama.

Ufunguo wa kwanza akapewa Mzee Lukwaro, mwenyekiti. Wa pili akapewa Bi. Tumsifu, katibu. Wa tatu akapewa Chambuso, mwenezi, mwanamume asiyehitaji kipaza sauti.

Ukaja uchaguzi wa madiwani. Nambua akashinda kura za maoni katika kata yake. Kata hiyo ilikuwa na zahanati iliyofungwa mwaka wa nne sasa, na wajawazito walibebwa kwa baiskeli hadi mjini. Nambua aliapa kwamba akiwa diwani ataifungua. Mpinzani alikuwa mmoja tu. Ilibaki fomu igongwe muhuri, ifike kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya saa kumi jioni, siku ya Alhamisi.

Jumatano wenye funguo wote watatu walikuwa ofisini. Nambua akasema, "Bi. Tumsifu, tugonge yaishe."

Bi. Tumsifu akavaa miwani. "Mwalimu, niache niwapitie wadhamini wako tena. Safari iliyopita fomu yetu ilitupwa kwa namba moja tu ya kadi iliyokosewa. Kesho asubuhi tutagonga."

Nambua hakuridhika, lakini aliiacha fomu mezani.

Alfajiri Mzee Lukwaro akapigiwa simu: shemeji yake amefariki, anazikwa leo leo, kijijini, juu mlimani. Akaenda na ufunguo wake mfukoni.

Saa nne fomu ilikuwa tayari, haina doa. Bi. Tumsifu akafungua kufuli lake. Chambuso akafungua lake. La tatu likabaki.

Saa sita wakampigia mwenyekiti. "Tunaelekea makaburini, nakuja."

Saa nane wakampigia. "Wamenisimamisha nitoe salamu za chama, nakuja."

"Mzee, mpe ufunguo mtu wa bodaboda atuletee!"

"Nimpe mtu ufunguo? Mnataka nifukuzwe?"

Saa tisa wakampigia. Simu haikupatikana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka wao alikuwa saa ya ukutani, anahesabu dakika.

Nambua akatafuta nyundo, akampa Chambuso. "Vunja, ndugu yangu. Mimi nikivunja sina chama, na asiye na chama hana fomu. Vunja, nakuomba."

Chambuso akainua nyundo. Jasho likamtoka. Akaishusha. "Mwalimu, nisamehe. Kwenye kikao hawatakumbuka zahanati. Watakumbuka droo."

Saa kumi kasoro dakika sita Mzee Lukwaro akaingia, viatu vimejaa udongo wa kaburini. Muhuri ukagongwa. Wakakimbia. Walipofika getini kwa msimamizi ilikuwa saa kumi na dakika mbili.

"Pole, mama," mlinzi akamwambia Nambua. "Muda umekwisha."

Nambua alikaa chini palepale, akalia mbele za watu. Mpinzani akapita bila kupingwa, na zahanati nayo ikabaki na kufuli lake.

Wiki haikuisha ikaja barua kutoka mkoani: "Uzembe huu una mwenyewe. Leteni jina moja la wa kufukuzwa, kwa barua yenye muhuri, kabla ya saa kumi jioni Ijumaa. Lisipofika, kamati nzima inavunjwa."

Ijumaa wakakutana.

Mzee Lukwaro akasema, "Nimezika. Nani kati yenu haziki? Na ufunguo sikuutoa, kwa kuwa ninyi mmeandika usitolewe."

Bi. Tumsifu akasema, "Nimekagua. Ningegonga fomu mbovu, leo mngeniita mzembe. Nimekagua, mnaniita mzembe."

Chambuso akasema, "Nilikuja mapema. Sikuvunja, kwa kuwa mmeandika isivunjwe. Kosa langu ni utii?" Kisha akageuka. "Na haya makufuli nani aliyaleta? Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Wote wakamtazama Nambua.

"Ni kweli, niliyaleta mimi," Nambua akasema. "Lakini makofi yalikuwa ya nani?"

Mzee Lukwaro akamsogezea karatasi na kalamu. "Mwalimu, wewe ndiye uliyeumia. Andika jina wewe."

Nambua akashika kalamu. Miaka thelathini na moja alikuwa na kadi ya chama kile, hajawahi kuilaza nje ya mkoba. Akamtazama mwenyekiti: ameufumbata ufunguo kiganjani. Akamtazama katibu: ameufumbata. Akamtazama mwenezi: ameufumbata.

"Tutafungua," Bi. Tumsifu akasema polepole, "tukishaliona jina."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Akiandika jina la yeyote kati ya wale watatu, mwenye jina hatafungua, na barua itabaki karatasi ya maandazi. Jina moja tu lingefungua makufuli yote matatu, na hakuna ndani ya chumba kile asiyelijua.

Mimi nimewafikisha hapo, kalamu iko juu ya karatasi. Aliyezika, aliyekagua, aliyetii, na aliyeyaleta makufuli: je, nani alistahili kuandikwa? Na kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika nani?